Nyuzi za kaboni katika boriti za zege: Tiba ya majengo au pazia la kufunika nyufa?

JENGO la ghorofa nne lilipoporomoka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, Novemba 16, 2024 na kuua zaidi ya watu 20, mjadala uliofuata ulielekea kule kule ulikozoea kuelekea. Wapo waliotaka wahusika wafikishwe mahakamani na wapo waliotaka majengo yote yenye dosari yabomolewe mara moja. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe, kazi iliyosimamiwa na aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, Kassim Majaliwa. Lakini lipo swali linalokuja baada ya kila ukaguzi, nalo ni gumu kuliko ukaguzi wenyewe: Jengo likishabainika kuwa dhaifu, ilhali bado limesimama na ndani yake mna mamia ya watu wanaojitafutia riziki, lifanyiwe nini?

Swali hilo si la Kariakoo peke yake. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji hilo hilo lilianguka na kuua watu 36. Jijini Nairobi, usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la makazi katika mtaa wa Huruma liliporomoka baada ya mvua kubwa na takriban watu 50 wakapoteza maisha. Baada ya kila msiba, miji ya Afrika Mashariki imejikuta ikichagua kati ya mambo mawili: kubomoa au kuacha. Kubomoa kunawatupa wapangaji mitaani na kumfilisi mwenye jengo. Kuacha ni kuchezea roho za watu.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kuliimarisha jengo likiwa limesimama. Miongoni mwa mbinu za kufanya hivyo, inayovuta macho zaidi ni ile ya kubandika nyuzi za kaboni au za kioo, zilizoshikanishwa kwa gundi ya epoksi, juu ya boriti na nguzo za zege. Mbinu hii haihitaji mitambo mikubwa, hainenepeshi boriti, na mara nyingi kazi hukamilika huku sehemu kubwa ya jengo ikiendelea kutumika. Kwa wenye majengo katika miji ambako kila mita ya sakafu ni biashara, ni rahisi kuona kwa nini inapendwa.

Hata hivyo, uzuri wake ndio unaoleta hatari yake. Kitambaa cheusi kikishabandikwa na kupakwa rangi, ufa hauonekani tena. Aliye chini hawezi kujua kama boriti imetibiwa au imefichwa. Kwa hiyo, kabla miji haijaikumbatia mbinu hii, inafaa ifahamike inafanya nini, haiwezi kufanya nini, na ni nani anayepaswa kuwajibika kwa niaba ya mpangaji asiyejua hesabu za uhandisi.

Ilikotoka

Wazo la kuongezea boriti nguvu kwa kitu cha kubandika lilianza kwa mabamba ya chuma. Moja ya kazi za mwanzo kabisa zinazotajwa katika maandiko ya uhandisi ilifanyika barani Afrika. Mwaka 1964, katika jengo la makazi mjini Durban, Afrika Kusini, ilibainika kuwa nondo za boriti zilisahauliwa wakati wa ujenzi. Badala ya kubomoa, wahandisi walibandika mabamba ya chuma kwa gundi ya epoksi. Tangu hapo mbinu hiyo ikaenea katika nchi nyingi, lakini chuma kilikuwa na kasoro mbili. Kwanza ni kizito, hivyo kilihitaji majukwaa na vinyanyuzi. Pili, kilishika kutu pale pale kilipogusana na gundi, mahali ambapo hakuna awezaye kuona.

Katika miaka ya 1980, Profesa Urs Meier na wenzake katika taasisi ya utafiti wa vifaa ya EMPA, nchini Uswisi, walianza kujaribu kaboni mahali pa chuma. Mwaka 1991 matokeo ya kazi yao yalitumika kwenye daraja la Ibach, karibu na mji wa Lucerne. Kisa chenyewe kina funzo. Daraja hilo lenye urefu wa mita 228 halikuwa limechakaa wala kujengwa vibaya. Mafundi waliokuwa wakitoboa zege ili kufunga taa za barabarani waliukata kwa bahati mbaya waya wa chuma uliovutwa ndani yake, ambao ndio uliokuwa ukibeba sehemu ya mzigo.

Daraja lilitengenezwa kwa mabamba matatu ya kaboni, kila moja likiwa na urefu wa mita 5, upana wa milimita 150 na unene usiozidi milimita 2. Uzito wa yote ulikuwa kilo 6.2. Kama chuma kingetumika, zingehitajika kilo 175. Kilo moja ya kaboni ilikuwa ghali mara nyingi kuliko kilo moja ya chuma, lakini mafundi walifanya kazi wakiwa juu ya jukwaa la kuhamishika, pasipo kujenga majukwaa marefu, na hesabu ya mwisho ikakubali.

Nchini Japani msukumo ulitokana na maafa. Tetemeko la ardhi lililoupiga mji wa Kobe Januari 17, 1995 liliangusha nguzo za barabara za juu na majengo mengi ya zege. Baada ya hapo vitambaa vya kaboni vilianza kuzungushiwa nguzo kwa wingi, ili zege lisipasuke na kumwagika nguzo inapotikiswa. Kutoka hapo mbinu hii ikatoka maabara na kuwa kazi ya kawaida ya ukandarasi duniani.

Boriti hufanyaje kazi

Ili kuelewa kwa nini kipande chembamba kama kadi kinaweza kusaidia boriti kubwa, ni lazima kuanzia kwenye boriti yenyewe, ambayo mafundi wengi huiita bimu. Boriti iliyolala juu ya nguzo mbili inapobebeshwa mzigo hupinda kidogo. Upande wa juu hubanwa, upande wa chini huvutwa. Zege ni hodari wa kubanwa, lakini kwa kuvutwa uwezo wake ni takriban sehemu moja tu ya kumi. Ndiyo maana nondo huwekwa chini: zege hubana, nondo huvuta, na viwili hivyo pamoja hufanya boriti.

Bamba la kaboni linalobandikwa chini ya boriti ni sawa na kuongeza nondo kwa nje. Mabamba ya kaboni yanayouzwa kwa kazi hii huhimili mvuto wa megapaskali 2,500 hadi 3,000, ilhali nondo za kawaida huanza kulegea zikifikia megapaskali 500 hivi. Uzito wake ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wa chuma cha ujazo ule ule, na halishiki kutu.

Karibu na nguzo hali ni tofauti. Huko boriti hutishiwa na nyufa za mshazari, ambazo kwa kawaida huzuiwa na ringi za nondo. Pale ringi zinapokuwa chache, kitambaa cha kaboni huvishwa boriti kwa umbo la herufi U, kutoka upande mmoja, chini, hadi upande wa pili. Aidha, kwenye boriti inayopita juu ya nguzo kadhaa, na kwenye baraza linaloning’inia nje ya jengo, upande unaovutwa penye nguzo ni wa juu. Anayebandika kaboni chini ya baraza la aina hiyo, kwa sababu tu ndiko mkono unakofika, amepoteza fedha za mteja na hakuongeza usalama wowote.

Mabamba ya nyuzi za kioo ni rahisi zaidi kwa bei na hutumika pia, lakini kioo huchoka mapema kinapobeba mzigo bila kupumzika. Mwongozo wa Taasisi ya Zege ya Marekani, ACI, unaruhusu mzigo wa kudumu usiozidi asilimia 20 ya nguvu za mwisho za kioo, wakati kwa kaboni unaruhusu asilimia 55. Mwenye jengo anayeambiwa kuwa “nyuzi ni nyuzi” anapaswa kuzikumbuka tarakimu hizo mbili.

Isichoweza kufanya

Jambo la kwanza ambalo wateja wengi hawalijui ni kwamba kaboni haibebi mzigo uliokuwapo kabla haijabandikwa. Uzito wa sakafu, kuta, na bidhaa zilizopangwa ghalani siku ya kazi hubaki juu ya nondo za zamani. Bamba huanza kufanya kazi pale tu mzigo unapoongezeka baada ya gundi kukauka. Ili lichukue sehemu ya mzigo wa zamani, ni lazima bidhaa ziondolewe na boriti inyanyuliwe kwa jeki kabla ya kubandika, au bamba lenyewe livutwe kwa mitambo kabla ya kugundishwa. Kubandika kaboni huku ghala likiwa limejaa magunia hadi darini ni kumpa mgonjwa mkongojo akiwa amekwisha lala.

La pili ni zege lenyewe. Gundi hushika uso wa zege, si moyo wa nondo. Zege likiwa hafifu, bamba hubanduka likiwa na tabaka la zege mgongoni. Mwongozo wa ACI unataka zege liwe na nguvu ya kubanwa ya angalau megapaskali 17. Jengo lililojengwa kwa saruji ya kuibaibia na mchanga mwingi, ambalo kipande chake kikichukuliwa maabara hakifikii kiwango hicho, halina pa kushikia dawa. Kwa bahati mbaya, hayo ndiyo majengo yanayoanguka zaidi.

La tatu ni kutu, na hapa miji ya pwani kama Dar es Salaam, Mombasa, Tanga na Zanzibar ina la kujifunza. Chumvi ya hewa ya bahari, au ya mchanga usiooshwa, ikifika kwenye nondo huanzisha kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, mara mbili hadi mara sita, na hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Kubandika kaboni juu ya zege la namna hiyo hakuzuii kutu. Kutu huendelea chini kwa chini, hulisukuma zege, na siku moja tabaka zima hudondoka pamoja na bamba lake. Zege lililooza lazima ling’olewe, nondo zisafishwe au zibadilishwe, na chanzo cha chumvi kidhibitiwe kabla ya kopo la gundi kufunguliwa. Zaidi ya hayo, kaboni hupitisha umeme na ikigusana na chuma chenye unyevu huharakisha kutu, hivyo ni lazima vitu hivyo viwili vitenganishwe.

La nne ni msingi. Taarifa zilizotolewa baada ya jengo la Kariakoo kuanguka mwaka 2024 zilihusisha ajali hiyo na kazi za upanuzi zilizokuwa zikifanyika sehemu ya chini ya jengo. Ardhi ikichimbwa chini ya nguzo, hakuna kitambaa cha kubandika kwenye boriti kitakachoizuia isishuke. Vivyo hivyo kwa anayetaka kuongeza ghorofa mbili juu ya jengo la ghorofa nne: hata kama boriti zitaimarishwa zote, mzigo huo utateremka hadi kwenye nguzo, kisha kwenye msingi, na huko ndiko unakoweza kulipiza kisasi.

Mfano wa kusikitisha wa kuongeza mzigo pasipo kuhesabu mnyororo wote ni duka kubwa la Sampoong jijini Seoul, Korea Kusini. Ghorofa ya tano, iliyokusudiwa kuwa uwanja wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, ilibadilishwa ikawa migahawa yenye sakafu nzito, na mitambo ya kupoza hewa ikawekwa juu ya paa. Nyufa zilionekana, lakini wakubwa wa duka hawakuwaondoa wateja. Juni 29, 1995 jengo liliporomoka na kuua watu 502. Nyufa zile zilikuwa taarifa. Ajabu ya leo ni kwamba teknolojia ipo ya kuifunika taarifa kama hiyo kwa muda wa siku mbili.

Kanuni inayolinda maisha

Wataalamu walioandika miongozo waliitambua hatari hiyo mapema. Gundi nyingi za epoksi zinazokauka kwa joto la kawaida huanza kulainika zinapofikia joto la digrii 60 hadi 82 za Selsiasi. Nondo, kwa kulinganisha, hubaki na karibu nusu ya nguvu zake hata joto likikaribia digrii 600. Moto mdogo wa stoo ya nguo unatosha kuifanya kaboni iachie boriti dakika za mwanzo kabisa, wakati watu bado wanatafuta mlango. Miji ya Afrika Mashariki haihitaji kukumbushwa juu ya moto. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, na soko la Gikomba jijini Nairobi limeungua mara kadhaa, ikiwa ni pamoja na Juni 28, 2018, moto ulipoua watu 15.

Kwa sababu hiyo, mwongozo wa ACI uliweka kanuni ambayo kila mwenye jengo angepaswa kuijua kabla ya kusaini mkataba: boriti isiyo na kaboni ni lazima iweze, kwa nguvu zake yenyewe, kubeba mara 1.1 ya uzito wa kudumu pamoja na asilimia 75 ya mzigo mpya wa matumizi. Maana yake ni kwamba kaboni ikiungua, ikibanduka au ikikatwa na mtu asiyejua, jengo libaki limesimama. Kwa upande wa moto ipo pia hesabu yake ya ziada.

Mfano utasaidia. Tuseme boriti inabeba tani 20 za uzito wa kudumu, yaani zege, kuta na vigae, na inatakiwa kubeba tani 10 za watu na bidhaa. Kwa kawaida wahandisi wanaofuata kanuni hizo za Marekani huzidisha uzito wa kudumu kwa 1.2 na mzigo wa matumizi kwa 1.6 ili kuacha nafasi ya usalama, hivyo boriti huhitaji uwezo wa tani 40. Bila kaboni, boriti hiyo ni lazima ifikie tani 22 na 7.5, jumla tani 29.5. Ikiwa uwezo wake ni tani 30, kaboni inaweza kuipeleka hadi 40. Ikiwa ni tani 20, kaboni hairuhusiwi, hata kama kwenye karatasi hesabu inaonyesha kuwa mabamba matano yangetosha.

Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya tiba na pazia. Kwa mfano huu, kaboni inaweza kuiongezea boriti kama theluthi moja ya nguvu zake, na zaidi kidogo, lakini si kuifufua iliyokufa. Jengo lenye uwezo wa robo tatu linaweza kuokolewa. Jengo lenye uwezo wa nusu linahitaji tiba nzito zaidi, kama vile kuongezewa zege na nondo, kufungwa fremu za chuma au kupunguziwa ghorofa. Likishindikana, libomolewe.

Ipo sababu nyingine ya tahadhari. Nondo iliyozidiwa hurefuka polepole. Boriti hulegea, nyufa hupanuka, milango hukwama, na watu hupata muda wa kukimbia. Kaboni hairefuki hivyo. Ikizidiwa hukatika ghafla, na mara nyingi zaidi hubanduka kabla nyuzi zake hazijafikia nguvu zake kamili. Ndiyo maana miongozo huwazuia wahandisi kuhesabu nguvu zote zilizoandikwa kwenye kijitabu cha muuzaji. Mkandarasi anayetumia tarakimu za kijitabu peke yake amehesabu nguvu ambazo boriti haitazipata kamwe.

Kazi ya mikono

Hata hesabu zikiwa sahihi, usalama huamuliwa na mkono wa fundi. Rangi, plasta na vumbi lazima viondolewe hadi zege safi lionekane. Mashimo yazibwe, na pembe za boriti zinazozungushiwa kitambaa zisagwe ziwe za mviringo ili nyuzi zisikatike. Uso uwe mkavu, na joto lake lizidi kwa angalau digrii 3 lile ambalo umande huanza kujikusanya. Katika msimu wa masika pwani, sharti hilo peke yake linaweza kusimamisha kazi kwa siku kadhaa, na mkandarasi mwenye haraka atashawishika kulipuuza.

Baada ya kubandika, mkaguzi hugonga taratibu juu ya karatasi kusikiliza sauti ya uwazi inayoashiria mfuko wa hewa. Kisha hufanyika jaribio la kuvuta: kipande kidogo cha chuma hugundishwa juu ya kaboni, pembezoni mwake hukatwa, na mashine hukivuta hadi king’oke. Nguvu isipungue megapaskali 1.4, na kinachovunjika kiwe zege, si gundi. Jaribio hilo huchukua muda mfupi na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kazi yote. Asiyetaka lifanyike ana la kuficha.

Ajali ya handaki la barabara jijini Boston, Marekani, inaonyesha uzito wa suala la gundi. Julai 10, 2006 vipande vya dari la zege viliangukia gari na kumuua abiria. Hapo hapakuwa na kaboni, bali vyuma vilivyoshikiliwa kwa epoksi ndani ya mashimo. Bodi ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo ilieleza mwaka 2007 kuwa gundi iliyotumika ilikuwa ya aina isiyofaa kubeba mzigo wa kudumu, hivyo vyuma vilichomoka polepole, milimita kwa milimita, hadi dari likaanguka. Kopo lilikuwa la epoksi, na neno “epoksi” lilikuwa kweli. Ila kila epoksi ina kazi yake.

Nani asaini, nani akague

Kwa upande wa kanuni, dunia haikosi pa kuanzia. Miongozo ya Ulaya ilianza kutolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ule wa Marekani ulitoka 2002 na umefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na toleo la 2023 la kanuni za zege za Ulaya limeweka kiambatisho maalumu kuhusu kuimarisha majengo kwa kaboni. Kinyume chake, kanuni za zamani za Uingereza za BS 8110, ambazo vizazi vingi vya wahandisi wa Afrika Mashariki vilifunzwa kwazo na ambazo ziliondolewa rasmi nchini humo mwaka 2010, hazikuwa na sura ya kazi hii.

Taasisi za kusimamia nazo zipo. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na Kenya ina Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Pengo ni kwamba macho ya usimamizi huelekezwa zaidi kwenye jengo linalojengwa: kibali, bango, ramani. Ukarabati unaofanyika ndani ya jengo la zamani, nyuma ya milango iliyofungwa, ni rahisi kupita kama kazi ya rangi. Kuimarisha boriti si kazi ya rangi. Ni kubadili namna jengo linavyobeba uzito, na kunastahili kibali chake, michoro yake na saini ya mhandisi anayejulikana.

Saini hiyo inapaswa kutanguliwa na uchunguzi. Majengo mengi ya zamani hayana michoro inayopatikana, hivyo ni lazima nondo zitafutwe kwa vifaa vya kupima, vipande vya zege vichukuliwe na kupelekwa maabara, na mizigo halisi ihesabiwe, si ile iliyokusudiwa nyumba ilipokuwa ya makazi kabla haijageuzwa ghala. Uchunguzi huu ni gharama ambayo mwenye jengo huiona kuwa haina faida kwa sababu hauonekani. Anayeuza kaboni pasipo kuutaka ni sawa na mwenye duka la dawa anayemuuzia mgonjwa vidonge bila kuuliza anaumwa nini.

Jambo jingine ni kumbukumbu. Kaboni iliyofunikwa kwa plasta husahaulika, na daraja la Ibach linakumbusha gharama ya kusahau. Pale, shimo moja la kufungia taa lilitosha kukata kilichokuwa kikibeba daraja. Katika majengo ya biashara ya Kariakoo, River Road au Kampala, kila mpangaji mpya huja na fundi wake wa kutoboa: bango, kiyoyozi, rafu, waya wa umeme. Tundu moja lililotobolewa kupita kwenye bamba linaweza kuiondolea boriti ile theluthi iliyonunuliwa kwa bei kubwa, na hakuna atakayesikia kishindo siku hiyo. Alama iliyo wazi juu ya boriti, nakala ya michoro kwa mwenye jengo na kwa manispaa, na ukaguzi wa kila baada ya miaka michache ni mambo rahisi yasiyohitaji teknolojia yoyote mpya.

Kuna pia suala la haki. Mwenye jengo ndiye anayelipa na ndiye anayeamua, lakini anayelala au kuuza chini ya boriti ni mtu mwingine. Mpangaji hana uwezo wa kudai hesabu, ila anaweza kuuliza maswali manne yanayojibika kwa lugha ya kawaida: Nani alilipima zege na alipata nini? Boriti hii ingesimama kama kaboni isingekuwapo? Jaribio la kuvuta lilifanyika? Karatasi yenye saini iko wapi? Mwenye jengo mwenye majibu hatakuwa na sababu ya kukasirika.

Nyuzi za kaboni zimekwisha thibitisha thamani yake kwenye madaraja, maghala na majengo ya nchi nyingi kwa zaidi ya miaka 30. Kuzikataa kwa hofu kutayaangamiza majengo ambayo yangeweza kuokolewa na kuwapotezea watu makazi na mitaji. Lakini kuzipokea kama plasta ya bei ghali kutawafanya wakaaji waamini boriti ambayo haistahili kuaminiwa, na hiyo ni hatari kubwa kuliko ufa ulio wazi, kwa kuwa ufa ulio wazi angalau humfanya mtu ainue macho. Ukaguzi wa majengo ulioanza baada ya vilio vya Kariakoo utakuwa na maana iwapo utafuatwa na uamuzi wa tatu ulioandikwa vizuri: lipi libomolewe, lipi liachwe, na lipi liimarishwe, kwa kipimo gani na kwa saini ya nani.